Mistari ya Vidoti

Miaka thelathini na moja nilichora barabara
za watu wengine kupita.
Lami, mistari miwili myeusi.
Changarawe, mmoja.
Na zile njia za kubahatisha,
Haneti kwenda Itiso, Bahi kuizunguka mbuga:
vidoti,
kimoja kimoja, ofisini, feni ikipeperusha karatasi.

Sasa nimestaafu, nataka kuvikanyaga.

"Mafao ni ya bati," alisema Sechelela,
"siyo ya kununua chuma kilichomchosha mwenzio."
Bati tuliezeka. Kilichobaki nikakitia kwenye bahasha ya ramani,
nikamfuata Nyemo, fundi wa Kizota,
binti mwenye kucha nyeusi kuliko wino wangu.

La kwanza lilikuwa Kisasa, nyuma ya geti jekundu.
Jeupe, limepakwa nta, tairi zinang'aa
kama viatu vya bwana harusi.
Dalali aliapa kwa marehemu mama yake:
"Mzee, hili linavuta miguu yote minne.
Mwenyewe daktari. Kazini na kanisani, basi."
Nyemo hakujibu. Alitandaza boksi, akaingia uvunguni,
akakaa huko muda wa chai kuchemka.
Alitoka anacheka, vumbi kwenye kope:
"Propela shafti haipo. Wameichomoa wabane mafuta.
Kinachovuta miguu minne ni yale maandishi ya nyuma."

La pili, Area C. Refu, pana,
la aina ambayo wanaume wakiitaja hushusha sauti.
Nilipanda nikajiona mkuu wa wilaya.
Nyemo akachomoa kijiti cha kupimia oili,
akanipaka kidoleni: rangi ya chai ya maziwa.
"Maji yameingia kwenye injini. Utalibeba wewe."
Nikashuka taratibu, kama mtu anayevuliwa cheo.

La tatu hatukulitafuta.
Lilikuwa nje ya duka la pembejeo, limebeba mizinga mitupu:
Suzuki fupi, la mwaka ule mwanangu alipoanza darasa la kwanza,
kijani kilichopauka, mlango wa kushoto una bonde
la ukubwa wa kichwa cha ng'ombe.
Na kweli alikuwa ng'ombe.
Mwenyewe, Masinjisa, mfuga nyuki wa Manyoni,
hakuapa kwa yeyote.
"Kioo cha nyuma hakishuki. Bushi zinalia.
Shokapu za mbele nilibadilisha Machi.
Ukipanda mlima, zima kiyoyozi.
Nauza kwa sababu mgongo wangu umechoka kabla yake."

Nyemo uvunguni tena. Mimi nahesabu.
"Chesesi haina kutu," sauti ikatoka chini,
"ukame wetu umelitunza.
Na shafti ipo. Difu inatoka jasho tu, siyo damu."

Tulilijaribu korongoni, njia ya Hombolo.
Mto ule niliuchora mwenyewe, mwaka tisini na nne,
wino wa buluu, mwembamba, mzuri.
Buluu gani? Mchanga mtupu,
nyayo za mbuzi, na shimo moja
ambamo mama mmoja alichota maji kwa kikombe,
bila haraka.

Nyemo akapunguza upepo wa tairi,
akavuta ule mti mfupi wa gia, tak.
"Usikanyage kwa hasira. Na usisimame."
Nikasimama.
Katikati kabisa. Mchanga ukameza nusu ya tairi.
Mama wa kikombe akacheka mpaka akakaa chini,
kisha akaleta matawi, akayasukumia mbele ya tairi
bila kuulizwa.
Rivasi. Mbele. Rivasi. Bushi zinalia.
Halafu miguu ya mbele ikakumbuka kazi yake,
tukatokea ng'ambo.

Milioni nane na nusu, na ndoo ndogo ya asali juu yake.

Jioni Sechelela alilizunguka mara mbili.
Akatia kiganja kwenye lile bonde la mlangoni.
"Hili limeshapigwa," akasema. "Halitushangai."
Kisha akaingia, mkoba magotini, akafunga mkanda.
"Kidoti kimoja. Kimoja tu,
halafu unirudishe nikapike."